Mvua ya Kwanza ni ya Kuosha Mabati

Mama Wambui,

Huku Mukurweini niko mzima, na wewe najua umepumzika kelele yangu.

Jana mvua ya kwanza ilinyesha, nikachomoa ile paipu ya kuingiza maji kwa tanki ya Wambui wetu. Mvua ya kwanza ni ya kuosha mabati, nani hajui? Maji ilitoka nyeusi kama kahawa. Ikianza tu kuwa safi, mvua ikaisha! Wambui akasema, "Haya baba, mabati imetakata. Sasa tutakunywa mabati?"

Nikaapa sitoki hapa mpaka tanki ijae. Saa hii ni mimi nachota maji mtoni, na vijana wote nawapita kwa mlima.

Kama unanitaka nyumbani, ombea huku mvua.

Mzee wako,
Baba Wambui