Kompyuta Iliyoletewa Uji

Mjukuu wangu Rukia,

Natangaza rasmi kwamba jogoo wa jirani amehamia jikoni kwetu na hana nia ya kutoka. Mengineyo ni salama. Shikamoo yako imefika, marahaba. Goti la bibi yako limepoa.

Waniuliza nani alianza kuzipa kompyuta magonjwa ya watu. Sijui. Nakumbuka tu ujana wangu, nilipokuwa karani wa duka la mbao hapa Malindi, kompyuta ya tajiri wangu ikagoma. Fundi akasema, "Imeingiwa na virusi." Tajiri akanitazama mimi. "Isipopona kesho, nawe usije tena."

Nyumbani nilimweleza mama, chakula kikanishinda. Asubuhi nikamwona anaingia dukani na majirani wawili, wamebeba birika la uji.

"Mgonjwa hajambo?"

"Mama, ni mashine!" nikanong'ona.

"Kwani mimi mjinga? Mashine haina mdomo. Uji ni wa anayeuguza." Akanijazia kikombe, kisha akamgeukia tajiri. "Nawe pole, baba. Umeuguza pia."

Tajiri alikuwa ameshafungua mdomo anifukuze. Mbele ya wageni waliokuja kumpa pole akaufunga, akapokea kikombe, akanywa. "Kaa," akaniambia. Nikapumua.

Tangu siku ile, nikisikia kitu cha mtu kimeharibika, humtazama mwenyewe kwanza. Kwa hivyo laptopu yako ikiganda, wewe umekula?

Kazi ile niliifanya miaka mingi. Kompyuta haikupona.