Wasomaji Wako Wanakuja Jumamosi

Kwako kifungua mimba wangu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, unakula na unalala. Sisi hapa hatujambo. Baba yako hajambo ila goti, anakusalimu sana. Bibi yako hajambo, kila asubuhi anauliza kama umeshaolewa, tukimjibu bado anageukia ukutani. Mdogo wako hajambo, ameshaniunguzia pasi. Shangazi yako naye hajambo, na mdomo wake pia haujambo.

Nakuandikia kwa sababu simu uliizima na laini ukaitupa, nami sikulaumu. Ila ulisahau jambo moja, mwanangu. Ulipotoa kitabu cha kwanza ulimwambia mchapishaji aweke namba yangu nyuma ya jalada, chini ya picha yako, kwa kuwa wewe ulikuwa huishi kubadilisha namba. Basi wewe umewakimbia wasomaji, mimi wamenibakia.

Nimewashonea watu nguo miaka yote hii nikadhani nawajua kwa kero. Kumbe sijaona kitu. Binti mmoja alipiga analia, eti kwa nini yule msichana wa hadithi umemwacha bila mchumba. Nikamwambia kwa kelele hizo hata yeye sidhani kama anaye. Akakata. Baba mmoja alisema kitabu chako kimemfanya mwanawe mjeuri, na huku nyuma namsikia mtoto akimwamkia mtu kwa adabu zake, anayetukana ni yeye. Mwalimu wa sekondari alitaka nimsimulie kitabu chote kwenye simu, kwa sababu kesho yake anakifundisha na hajakifungua! Kilipotoka cha pili ndiyo ikawa balaa. Walisema cha kwanza kifupi, sasa hiki kirefu. Kule msichana ana kiburi, huku amepoa. Na yule bwana wa gazeti, anayepigwa picha ameshika kidevu utadhani kitadondoka, akaandika kwamba umekwisha ungali mbichi. Vitabu viwili tu! Watu ambao hata kifungo hawawezi kukishikiza. Mimi mwenyewe cha pili kilinichosha pale katikati, lakini mimi nilikuzaa, nina haki.

Sasa kaa kitako unisikilize. Wiki iliyopita kijana mmoja, wa kupigapiga kila mara, aliniambia nikwambie uache kuandika ukauze vitunguu. Nilikuwa na pini mdomoni na gauni la bibi harusi mapajani. Nikatoa pini nikamwambia mwandishi amekufa, mmefurahi? Nilitaka anyamaze tu. Akanyamaza kweli. Halafu akaangua kilio, mnafiki yule.

Tangu hapo simu haipoi. Sasa wote wanakupenda. Kile kirefu kimekuwa na hekima. Bwana wa kidevu ameandika ukurasa mzima kwamba aliyekugundua ni yeye. Mchapishaji anachapa upya, na kwenye jalada ataweka neno marehemu. Mwalimu naye Jumamosi analeta darasa zima na shada la maua, waonyeshwe kaburi, na naapa bado hajakifungua. Baba yako uongo haumpandi, wageni wakija anajifungia chooni. Bibi yako ameanza kukulilia. Tumemweleza, anasema watu wote hao hawawezi kukosea.

Nilitaka kucheka, mwanangu, lakini kicheko hakiji. Tangu nilitamke neno lile nimekuwa mwoga. Simu ikilia nashindwa kuishika, nahofia safari hii ni mtu ananipigia kuniambia imekuwa kweli. Wao wafurahie marehemu wao. Mimi namtaka mtoto wangu, hata usipoandika mstari mwingine maisha yako yote.

Wote hapa wanakusalimu, na bibi pia, akipumzika kulia. Ukipata barua hii usingoje, azima simu ya mtu unipigie hapo hapo, kabla ya Jumamosi. Nigombeze utakavyo. Nikusikie tu.

Ni mimi mama yako,
nisiyepata usingizi kwa ajili yako.