Swali Ambalo Hatukuliandika Sisi

Juba

Baba mpendwa,

Mguu unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua imesaidia? Kaka aliniambia umeanza tena kufika mpaka zizini bila fimbo, nikacheka peke yangu barabarani hadi watu wakageuka kunitazama. Na Mama, kifua chake na baridi ya huko Kitale? Mimi mzima. Malaria imeniachia mdomo mchungu tu. Chakula tunapata, ingawa unga umekuwa wa kutafutwa, na tukisikia risasi upande wa mtaa wa Jebel tunalala sakafuni, kisha tunaamka tunajipangusa vumbi na kuendelea na kazi.

Utashangaa kupata barua ya karatasi siku hizi. Nimempa jirani yetu mwenye lori, anayepitia mpakani Nimule, akuwekee mkononi mwako. Yapo mambo sitaki kuyasema kwenye simu. Hata majina ya watu humu ndani nimeyabadilisha.

Uliwahi kuniuliza kazi yangu hasa ni ipi. Tangu vita vianze, watu hapa wamepotezana. Mtu alikimbilia kambini, mkewe akavuka kwenda Uganda, watoto wakabebwa na majirani. Ofisi yetu ndogo hapa mtaa wa Hai Mauna ilinileta nitengeneze tovuti ya kuwatafuta: mtu anafungua ukurasa kwenye simu yake, anaandika jina lake, anamtafuta nani, na yeye mwenyewe yuko wapi. Wewe ulifanya kazi posta miaka mingi, unajua tofauti ya bahasha iliyofungwa na kadi ambayo kila anayeishika anaisoma. Mimi nilitaka bahasha. Nilitaka jina pekee lionekane, halafu simu na makazi yabaki ofisini, na anayetafuta apitie kwetu.

Mkuu wetu, nimwite Bwana Lado, alikataa. Si mtu mbaya, Baba. Alikulia ukimbizini Uganda na alimpata dada yake baada ya miaka mingi kwa sababu tu mtu alibandika picha yake ukutani kanisani.

"Dada, wewe naogopa sana," aliniambia. "Watu iko natafuta watu yao. Wewe nataka kuwaficha?"

Basi ukurasa ukawa vile alivyotaka. Picha kubwa za watu wakiwa mbele ya nyumba zao, na ramani yenye alama nyekundu kila mahali mtu alipo. Wageni wa nje waliotutembelea waliisifu sana. Neno la siri la kuingilia ndani lilikuwa moja kwa ofisi nzima, limebandikwa kwa gundi kando ya kompyuta, na kila mgeni aliyekunywa chai nasi aliliona. Nilipolibandua, nilikuta limebandikwa tena. Programu zilizotakiwa kufanywa upya ziliahirishwa kwa sababu mtandao ulikuwa wa kubahatisha.

Kisha akaja Mama Poni. Huyu ni mama wa Jebel ambaye mumewe alipotea mapigano yalipoingia mjini. Anaishi na shemeji yake na wanawe wawili wakubwa. Aliingia ofisini akiwa amevaa nguo ya kanisani, akamkumbatia mwenzangu Kiden, anayepokea watu mlangoni, akaanza kutushukuru.

"Mungu awabariki. Mmempata baba ya watoto."

Kiden alinitazama. Mimi nikamtazama yeye.

"Mama, nani nasema sisi nampata?" Kiden akamuuliza taratibu.

"Si ni nyinyi mlipiga simu jana? Yule mwanaume alisema anatoka hapa. Alijua nyumba yangu, mpaka rangi ya mlango. Alisema kesho jioni watamleta, tukae nyumbani wote, hasa shemeji na vijana, wasitoke."

"Mama," Kiden akasema, "sisi hapana piga simu kwa wewe."

Sijawahi kuona furaha ikitoka kwenye uso wa mtu namna ile. Alikaa chini kwenye saruji na nguo yake nzuri.

Nilikimbilia kompyuta nifunge tovuti yote. Neno la siri likakataa. Nikaliandika tena polepole, likakataa. Mtu alikuwa amelibadilisha, na sisi wenyewe tukawa nje ya nyumba tuliyoijenga. Kiden akatoa simu yake, akafungua ukurasa kama mtu yeyote wa kawaida, akaanza kujaza. Jina. Unamtafuta nani. Uko wapi. Halafu akanipa simu.

Chini kulikuwa na swali ambalo hatukuliandika sisi: *Wanaume wa nyumba yenu hulala wapi?*

Herufi zilikuwa zilezile, Baba. Rangi ileile ya samawati niliyoichagua mimi ili ukurasa upumzishe macho. Na watu walikuwa wamejibu. Kwa nini wasijibu? Ukurasa ulikuwa wetu, waliuamini. Mmoja aliandika, "Baba na kaka wanalala nyuma, jikoni."

Bwana Lado alipoletewa simu hiyo alisoma mara moja, akavua miwani. "Mimi nilitaka watu wapate watu yao," akasema. Akaanza kuiandikia kampuni ya nje inayotuhifadhia tovuti. Walitaka barua yenye muhuri, uthibitisho kwamba sisi ndio wenye mali, na mtandao ukakatika katikati ya kutuma. Ukarudi, ukakatika tena. Wakati wote huo ukurasa uliendelea kuuliza.

Sisi tukatoka kwa bodaboda. Wale niliowakumbuka kwa sura na mtaa, tuliwafuata mmoja mmoja. Tulimtoa Mama Poni na watu wake siku ileile, wakaenda Rejaf kwa shangazi ya Kiden, kule kwenye mashamba ya kando ya mto. Hawakubeba hata sufuria. Kesho yake jioni gari lisilo na namba lilisimama Jebel, mlango wa Mama Poni ukavunjwa. Jirani alituambia wanaume walioshuka walizunguka nyumba nzima kwa utulivu, kama watu waliowahi kufika.

Lakini Mzee Wani hatukumwahi. Alikuwa akiishi hapahapa Hai Mauna na wanawe, akimtafuta binti yake. Simu yake ilikuwa imezimwa. Tulipofika tulikuta mlango umefungwa kwa kufuli jipya kwa nje, na viatu vya wanaume vimepangwa barazani. Nikawauliza majirani. Mama mmoja akasema, "Malesh, binti yangu, samahani," akaingiza watoto wake ndani. Mpaka leo hakuna anayetuambia neno.

Tovuti ilifungwa hatimaye. Sijui aliyeingia ni nani. Huenda tulimpa mkono, tukamwongezea sukari kwenye chai. Alichochukua kabla haijafungwa hakiwezi kurudishwa.

Sasa tunafanya kazi kwa mdomo. Anayetafuta anakuja, tunamsikiliza, kisha tunamfuata anayetafutwa na kumuuliza kwanza kama anataka kupatikana. Bwana Lado ndiye anayewaeleza watu hivyo kanisani, kwa sauti ndogo, na wakati mwingine anashindwa kumaliza.

Juzi mama mmoja alikuja na simu mkononi akisema anafurahi tumerudi hewani. Nikatazama. Ukurasa wetu, samawati yetu, picha zetu. Anwani ya tovuti pale juu ilikuwa na herufi moja tofauti. Nikamuuliza kama ameshajaza.

"Nimemaliza asubuhi," akasema.

Kiden yuko naye Rejaf tangu siku hiyo, na mimi nimebaki kuwatafuta wengine walioiona. Ndiyo sababu siwezi kuja nyumbani sasa hivi kama ulivyoomba, Baba. Usikasirike. Nani mwingine hapa angeitambua ile herufi?

Mwambie kaka asiweke habari zangu mtandaoni, hata kwa kheri. Shangazi, yule anayeimba kwaya, ameweka mtandaoni picha yangu niko mbele ya lango la hapa. Naomba aitoe, na asimweleze mtu sababu. Nisalimie Mama, umwambie nakula vizuri. Nisalimie mke wa kaka na mtoto mchanga ambaye bado sijamwona, na mwalimu wangu wa zamani wa shule ya msingi ukikutana naye sokoni. Mtu yeyote akipiga simu akisema anatoka ofisini kwetu na ana habari zangu, usimjibu lolote, hata kama anajua jina la ng'ombe wetu.

Jina langu sitaliandika hapa chini. Mwandiko wangu unaujua.

Binti yako