Besi ya Kwanza Bado Haina Mwenyewe

Alhamisi. Jua limezama lakini ukuta wa nyumba bado unatoa joto, Shinyanga hii! Ugali wa leo umeniungulia kwa sababu akili haipo jikoni. Ni furaha hii. Au ni woga? Acha niandike, labda nitatulia.

Mambo yenyewe ni haya. Timu yetu ya besiboli, ambayo msimu huu imeanza kulipa wachezaji mshahara, haina mtu wa besi ya kwanza. Aliyekuwepo kasajiliwa Dar. Mechi ya kufungua msimu ni Jumamosi, na wanaoigombea nafasi ni watatu. Mmoja wao ni mume wangu, Baba Kulwa.

Jamani, mume wangu!

Kwa msioujua mchezo: mtu wa besi ya kwanza hukanyaga kigodoro chake, ndiyo hiyo besi, na kudaka mipira inayotupwa na wenzake kabla mkimbiaji hajafika. Akidaka, mkimbiaji nje. Akikosa, uwanja mzima unamzomea yeye, hata kama aliyetupa ndiye kaharibu.

Leo nimefunga genge langu la nyanya mapema nikaenda kuwaangalia mazoezini. Alianza Jofrey, kijana mrefu aliyekuwa golikipa. Akiruka unajikuta unapiga makofi. Lakini ugolikipa haujamtoka. Alidaka, akajitupa chini, akaukumbatia mpira kifuani kama mtu anayepoteza muda timu yake ikiongoza. Mguu hauko tena kwenye kigodoro, na mkimbiaji kampita huku anacheka. Kocha alishika kichwa.

Akafuata Shabani, mkongwe wao. Huyu akipiga, mpira unakwenda kutafutwa kwenye pamba za watu. Ila goti! Kuinama anainama, kuinuka ndiyo shughuli.

Kisha Baba Kulwa. Kupiga, tusidanganyane, hajui. Sasa njoo kwenye kudaka.

Wiki zote hizi amekuwa akifanya mazoezi uani kwetu, na mtupaji ni mimi. Mimi mwenyewe kutupa sijui. Mpira wangu unakwenda kwa jirani, unagonga sufuria, unadunda kwenye mawe, na yeye anauhangaikia huku mguu hautoki kwenye gunia tulilolikunja. Nilikuwa naona aibu. Mama mkwe alinitazama siku moja akauliza, "Wewe unamfundisha mumeo au unafukuza kuku?"

Leo kocha akawaambia watupaji watupe hovyo makusudi, maana kwenye mechi ndivyo inavyokuwa. Weee! Nilisimama. Wa chini, akaukomba. Wa pembeni, akajinyoosha akaupata. Ukadunda kwenye jiwe ukabadili njia, akaudaka hata uso hakukunja. Nilipiga vigelegele, nikapaza sauti, "Kama uani nikitupa mimi!" mpaka Shabani, mpinzani wake, akageuka: "Shemeji, wabeja, asante sana! Kumbe ni wewe uliyetuharibia!" Nilicheka mpaka machozi.

Halafu kocha akasema ataamua Jumamosi asubuhi.

Jumamosi! Na gari la kwenda machimboni Nyarugusu linaondoka kesho alfajiri. Mwenye duara, yaani mwenye lile shimo la dhahabu alilokuwa akichimba mume wangu, amemwekea nafasi. Asipokwenda anapewa mwingine. Na timuni asipopata namba, hakuna mkataba, hakuna mshahara, tunabaki na nyanya zangu.

Mwaka jana duara la jirani na lake lilititia watu wakiwa chini. Wengine hawakutoka. Nilishinda siku nzima nasubiri simu yake, na tangu siku ile nikisikia tu neno Nyarugusu naishika simu yangu. Sitaki arudi kule. Nimeandika, na sifuti.

Tuliporudi nyumbani alikaa kwenye kigoda, hakuvua hata viatu. Akaniuliza, "Mama Kulwa, nifanyeje?"

Mume wangu huwa haulizi. Huwa ananitaarifu.

Nikajibu hapo hapo, kabla woga haujanishika. "Mpigie mwenye duara, mwambie huendi."

Amepiga. Nimemsikia akimwamkia shikamoo, akaeleza, akashukuru, akakata. Kisha akafungua begi lililokuwa tayari mlangoni, akatoa shuka lake akalirudisha kitandani.

Sasa nimekaa hapa sijui kama nimemtafutia mume wangu kazi au nimemnyang'anya. Jofrey ni kijana, anaweza kujifunza kubaki kwenye kigodoro. Kocha anaweza kuamka Jumamosi akisema anataka mtu wa kupiga. Na hapo nitamtazamaje mwenzangu usoni?

Lakini nina furaha, haki ya Mungu, moyo unakwenda mbio kama wa msichana. Kesho alfajiri gari la Nyarugusu litapita hapa barabarani na kupiga honi, na katika nyumba hii hatatoka mtu.