Wamesikia Bakteria, Wakaelewa Uchafu

Jumatatu, 3 Machi
Maabara tangu asubuhi. Sampuli kumi na moja, zote za wanawake waliotokwa damu baada ya kukoma hedhi. Tunaangalia bakteria wanaoishi ukeni na kwenye mji wa mimba. Huenda mchanganyiko wao ukivurugika, saratani hupata nafasi. Huenda. Bado hatujui.

Jumamosi, 8 Machi
Nimepanda Marangu, kwa mama. Mama hajaenda umoja wa wanawake wiki ya tatu sasa. Shangazi Aika, dada wa marehemu baba, kanieleza jikoni bila haya: "Mama yako anatokwa damu. Ni uchafu. Si ulisema mwenyewe ni vijidudu?"
Mama alikuwa hapo hapo anamenya ndizi. Hakuinua uso.

Jumapili, 9 Machi
Mama amekiri. Damu tangu Novemba. Ana miaka sitini na tatu! Tangu Krismasi anajiosha ndani kwa sabuni na maji ya chumvi. Shangazi ndiye aliyemwelekeza.
Krismasi niliwasimulia kazi yangu. Nilikuwa najisifu. Sikueleza vizuri.
Nimemkasirikia shangazi. Nimejikasirikia zaidi.

Jumatano, 12 Machi
Hospitali. Nesi wa mapokezi kamuuliza mama, mbele ya foleni nzima, kama huwa anajisafisha vizuri. Nimejibu mimi, kwa sauti: "Muulize damu imeanza lini!" Watu wamegeuka. Sijutii.
Daktari amechukua kinyama cha kupima.

Ijumaa, 21 Machi
Ni saratani ya mji wa mimba. Daktari anadhani haijatoka nje. Watautoa.
Mama kauliza swali moja tu. "Nimejiletea mwenyewe?"
Nimemjibu mimi: "Hapana, mama. Wala si uchafu. Ila sabuni inaua hata bakteria wanaokulinda. Acha kabisa."
Hapo ndipo mama alipolia. Si kwa saratani. Kwa kuambiwa hakuwa mchafu. Miezi yote hiyo! Nani atamrudishia?

Jumamosi, 12 Aprili
Upasuaji ulikwenda vizuri. Majibu yametoka: haikusambaa. Mama yuko kwangu Rau, anatembea hadi uani.
Shangazi ameteremka na mtori wa ndizi. Kamwambia mama, "Nisamehe, wifi." Mama kamsogezea kiti.
Kisha shangazi kasema, kwa sauti ndogo, kwamba na yeye, aliyekoma hedhi zamani, ametokwa damu. Mara mbili, mwezi uliopita.
Sikuwa na hasira tena. Tunaenda hospitali Jumatatu, sote watatu.