Rimoti ya Ntate Seopela

Jumatatu, 12 Septemba

Mashindano yameanza! Nyumba sitini na nne za kijiji cha wastaafu hapa Centurion, na mafundi wawili wa TV: mimi na Riaan. Kila mmoja kapewa nyumba moja ya majaribio, afunge TV na rimoti yake. Siku saba, mpaka Jumatatu ijayo saa sita mchana. Baada ya leo, kila fundi akiingia getini, mlinzi anaweka alama kitabuni. Mwenye alama chache anapewa kazi ya nyumba zote, tukilingana, tunagawana. Meneja, Bi Joubert, kaniambia hataki rimoti ya kupendeza, anataka rimoti isiyompigia simu.

Nikikosa, narudi dukani kuuza TV. Ile sare nilivyoichukia!

Riaan kaweka kioo cha kugusa. Mimi nimeweka vitufe vinene, kidole gumba kinavijua bila miwani. Na "washa" ina kitufe chake, "zima" ina chake. Rimoti nyingi zina kimoja tu. Mgao wa umeme ukiisha, king'amuzi kinawaka chenyewe, TV imelala. Ukibonyeza, vinabadilishana zamu: TV inawaka, king'amuzi kinazimika. Wazee wamelia kwa hilo. Halafu kisanduku nyuma ya kabati: kila kitufe kinachobonyezwa nakiona kwenye simu yangu, hata nikiwa nyumbani Mabopane, na naweza kurekebisha hukohuko.

Nyumba yangu ni ya Ntate, yaani Mzee, Seopela, mwalimu wa hesabu mstaafu. Kafiwa na mkewe mwaka jana. Kasema rimoti ina vitufe vichache kuliko meno yake, na meno yenyewe ni ya kuhesabu! Nimecheka hadi bisibisi ikaniponyoka.

Jumanne, 13 Septemba

Mgao saa nne mpaka saa sita. Umeme uliporudi nilikodolea simu macho. Ntate akabonyeza washa. Vyote vikawaka! Nikapiga vigelegele peke yangu garini.

Saa nane kanipigia: TV imekataa. Nikaenda mbio. Haijakataa chochote. Mezani chai ya rooibos, vikombe viwili.

"Basi imeona aibu ilipokuona," kasema.

Alama moja.

Alhamisi, 15 Septemba

Kapiga tena. Eti sauti haisikiki. Nimeangalia kwenye simu — kaipunguza mwenyewe, dakika tano kabla ya kunipigia! Mwalimu mzima! Nimeipandisha hukohuko, bado kasisitiza nije.

Vikombe viwili tena, na biskuti. Kanisimulia mkewe, Mmapula, alivyokuwa akiipiga rimoti ya zamani kwa kisigino cha kiatu mpaka itii. Saa nzima nimekaa. Ningeondokaje?

Mbili. Riaan moja.

Jumamosi, 17 Septemba

Ya tatu. Obakeng wa getini kaandika huku anatikisa kichwa: "Dada, huyu mzee anakumaliza." Riaan mbili, mgao umemvuruga. Kwa kazi nimemshinda. Kwa kitabu ananishinda.

Nimemwambia Ntate ukweli. Niliona haya, lakini nimesema: kila nikija, nahesabiwa kosa. Kaweka kikombe chini polepole.

"Kumbe nakuharibia kazi, mwanangu. Mbona hukusema?"

Nikamwahidi Jumatatu mchana, mambo yakiisha, nitakuja kunywa chai.

"Sipigi tena. Neno la mwalimu."

Nimetoka moyo mzito. Lakini nimetoka.

Jumapili, 18 Septemba

Hajapiga. Naona vitufe vyake: asubuhi ibada, alasiri mpira, sauti kaipandisha mara mbili. Cha mwisho saa kumi na moja na nusu.

Riaan kaitwa leo. Tatu kwa tatu! Nusu si haba. Nyumba thelathini na mbili zinanitosha kabisa. Kesho saa sita tu, ee Mungu.

Jumatatu, 19 Septemba

Saa moja asubuhi. Hakuna kitufe tangu jana jioni. Usiku hakukuwa na mgao, TV imewaka mpaka sasa. Ntate huzima saa tatu usiku, saa tatu kamili, kila siku. Nimempigia. Inaita tu. Nimempigia Obakeng getini: yuko peke yake, haruhusiwi kuacha geti, na ofisi haijafunguliwa.

Pengine amesinzia kitini. Pengine. Au anaiona simu yangu na hapokei, kisa neno la mwalimu. Mimi na mdomo wangu!

Saa mbili na nusu. Getini. Obakeng kaninong'oneza: "Dada, ungesubiri saa sita tu..." Kwenye sababu ya kuja nimeandika: kumjulia hali. Kasema fundi ni fundi, hana la kufanya. Nikamwambia weka alama yako, ya nne, kisha ulete ufunguo wa akiba! Mwenzake wa zamu kafika, Obakeng kakimbilia ofisini kuuchukua.

Niko kibarazani. Nimegonga. Nimeita. TV inapiga kelele humo ndani, hata akijibu sitamsikia. Naandika huku nikisubiri ufunguo.

Kisanduku! Nimesahauje — ninayo simu mkononi.

Nimeinyamazisha TV.

"Ntate, ni mimi, Kelebogile. Nimekuja kunywa chai."

Nimeweka sikio mlangoni.