Aliyesimama Zamu Ile

4 Machi

Mwanangu Twiga,

Habari za huko? Mke na mtoto hawajambo? Mimi mzima, mgongo tu ndio unanikumbusha umri, lakini cherehani bado inanitii. Nimeamua kuandika kwa sababu simu yako siku hizi inaita mpaka inachoka yenyewe. Nimesema labda huko ulikohamishiwa mtandao ni wa kubahatisha.

Kwanza ahsante. Siku ya mazishi sikuwa na akili ya kumshukuru mtu. Ulishika jeneza upande wa kichwa, na kwa huo urefu wako ikabidi uiname njia nzima ili lisiende upande. Niliona. Na mkeo hakuniachia mkono mpaka tukarudi nyumbani.

Sasa nina jambo. Juzi imeletwa barua kutoka kituoni. Inasema jina la binti yangu halitasomwa kwenye gwaride la kumbukumbu, wala halitaandikwa kwenye ubao wa askari waliofia kazini, kwa kuwa siku ile, kwa mujibu wa daftari la zamu, alikuwa mapumziko. Wamemwita "mpita njia". Mpita njia! Mtu kasimama kwenye kivuko cha shule na sare yake, kofia kichwani, filimbi mdomoni, kawasukuma watoto nyuma, lori la mchanga lisilo na breki likamkuta yeye. Mpita njia gani huyo anayepita na filimbi?

Sare ile niliipiga pasi mimi. Alinipita jikoni akasema, "Mama, nakwenda kumshikia mwenzangu zamu, nikirudi nitakukatia vile vitambaa." Sikuuliza mwenzake ni nani, nilikuwa nahangaika na jiko. Laiti ningeuliza.

Wewe umefanya naye kazi miaka sita, wenzake wote unawajua. Nitafutie huyo mtu. Simtaki kwa ubaya. Nataka aende kwa mkuu wa kituo aseme, "Zamu ilikuwa yangu, yeye alinishikia." Basi. Orodha ya majina inafungwa mwisho wa mwezi wa saba. Mwanangu hakufa matembezini, amefia kazini, na nataka iandikwe hivyo.

Mama yako

15 Machi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepata nafuu. Sisi hatujambo. Mtoto kaota meno mawili ya mbele, sasa anauma kila kitu, hata mkanda wangu wa kazi. Nisamehe kwa simu, huku kazi zimebana.

Barua yako nimeisoma nikakumbuka mengi. Sijui kama aliwahi kukusimulia siku alipolisimamisha gari la mkuu wa kituo. Watoto wa chekechea walikuwa wanavuka, mmoja kaangusha kiatu katikati ya barabara, kakaa chini kukivaa. Mkuu akapiga honi. Filimbi, ndivyo tulivyomwita binti yako kituoni, akamfuata dirishani, akampigia saluti safi, akamwambia, "Mkuu, hapa honi haina cheo." Sote tulijua kesho yake atahamishiwa porini. Mkuu mwenyewe akawa anaisimulia kila kikao, anacheka peke yake.

Kuhusu hilo la zamu, nimeulizauliza, Mama. Kila mmoja anasema hajui. Unajua mambo ya daftari, kikishaandikwa kimeandikwa. Mimi ningekuomba usijitese. Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Sisi tuliomjua tunajua alikuwa nani, hata ubao usiposema.

Mwanao,
Twiga

2 Aprili

Mwanangu Twiga,

Salamu nyingi. Mpe mtoto kipande cha karoti, mkanda wa serikali utamharibia tumbo.

Hayo ya kuganga yajayo mwambie mtu mwenye yajayo. Mimi nilikuwa na mtoto mmoja.

Nimekwenda kituoni mwenyewe. Nilikaa kwenye benchi la kaunta tangu asubuhi, kila anayepita ananiuliza nimeibiwa nini. Mwishowe yule sajenti mnene akaona haya, akanifungulia daftari la zamu. Kivuko cha shule, zamu ya asubuhi, siku ile: jina lako. Na sahihi yako, ile yenye mkia mrefu kama uliyoweka kwenye barua. Sajenti akasema ndiyo, Twiga ndiye alikuwa zamu, na kwenye maelezo yake ameeleza kwamba alikuwa ng'ambo ya barabara akishughulikia gari lililozimika, marehemu akatokea tu akaanza kusaidia.

Sikubishana naye. Nilirudi nyumbani nikakaa kwenye kiti cha cherehani bila kushona. Kumbe ulikuwepo, Twiga, na hukuniambia. Nikasema labda ni uchungu, kuna mambo hayatoki mdomoni.

Basi, kama ulikuwepo, wewe ndiye uliyemwona mwisho. Sitakuuliza habari za daftari tena. Niambie kitu kimoja tu, nacho kinaninyima usingizi kuliko huo ubao. Alikufa papo hapo au aliteseka? Alisema nini? Aliniita? Hata kama ni neno baya la kusikia, niambie. Mimi ni mama yake, nitalibeba.

Nangoja.

Mama yako

19 Juni

Mama,

Shikamoo. Najua hii ni salamu ya mtu asiye na haki ya kusalimu.

Imepita miezi miwili na nusu. Nimeianza barua hii mara nyingi, nikachana. Siwezi kukuambia alisema nini, kwa sababu sikuwepo.

Huyo mwenzake unayemtafuta ni mimi.

Jioni ya kuamkia siku ile nilimpigia simu. Nilimwambia mtoto wangu ana homa kali, anishikie zamu ya asubuhi. Akasema, "Mpeleke mtoto hospitali, kivuko niachie mimi." Mtoto hakuwa na homa, Mama. Nilikuwa nimeitwa kwenye usaili wa kazi ya udereva katika kampuni moja, na sikutaka mtu wa kituoni ajue. Yeye alikuwa mapumziko, na nilijua hawezi kusema hapana pakitajwa mtoto. Nilimchagua kwa sababu hiyo.

Sheria inataka mkibadilishana zamu mwandikiane na sajenti atie saini. Hakuna anayefanya hivyo. Tena kabati la daftari ufunguo wake anao sajenti, naye anafika saa mbili, kwa hiyo zamu ya saa kumi na mbili sote tunaisaini jana yake jioni. Nilikuwa nimeshasaini kabla hata sijampigia. Tumefanya hivyo miaka yote, funika kombe mwanaharamu apite.

Nilipata habari nikiwa kwenye foleni ya usaili, nimevaa tai ya kuazima. Niliporudi kituoni wakaniuliza, "Wewe ndiye ulikuwa zamu, ulikuwa wapi?" Nikaona kazi inakwenda, labda na jela juu yake. Nikasema ng'ambo ya barabara, gari limezimika. Maneno yalitoka yenyewe. Wakaandika, nikasaini. Halafu nikaomba uhamisho.

Nilibeba jeneza lake nikijua haya yote. Ukanifuta machozi kwa kanga yako, nikakubali kufutwa.

Sijui niseme nini zaidi. Nisamehe, Mama.

Twiga

23 Juni

Twiga,

Barua yako imefika. Nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nililia. Mara ya pili nilitaka nipande basi nije nikuzabe kibao mbele ya mkeo. Mara ya tatu ndipo nikaelewa ulichokifanya.

Umeniambia mimi. Mimi ndiye mkuu wa kituo? Mimi nina daftari? Umekuja kuutua mzigo wako kwenye mgongo wangu, mgongo huu huu mbovu, ili wewe ulale. Na binti yangu bado ni mpita njia.

Hebu nikwambie. Angejua mtoto hana homa, unataka usaili tu, angekwenda vilevile. Angekutukana kidogo, kisha angekwenda. Hukuwa na haja hata ya kudanganya, mjinga wewe.

Naweza kuipeleka barua hii kituoni mwenyewe. Ni hapo tu, ng'ambo ya soko, na nimekwisha vaa viatu mara mbili. Siipeleki. Naikunja kama ulivyoikunja na nakurudishia, imo ndani ya bahasha hii, sijabakiza nakala. Uongo uliutia saini kwa mkono wako, ukautoe kwa mkono huo huo. Ukitaka ichome. Nani atakujua? Mimi na wewe tu, na mimi ni mama mfiwa, watasema nimechanganyikiwa.

Zimebaki wiki tano.

Usiniandikie tena mpaka uwe umeamua.

Mama wa marehemu

30 Julai

Mama wa marehemu,

Salamu zako kwa heshima.

Nimeipeleka. Nilikuja mjini mara mbili nikafika getini nikageuka. Mara ya tatu mke wangu alinisindikiza mpaka mlangoni, akakaa pale nje na mtoto, akasema hatuondoki hapa. Hiyo ilikuwa jana asubuhi.

Mkuu wa kituo aliisoma akiwa amesimama. Akaniuliza kama najua nilichosaini safari ile. Nikasema najua. Akamwita sajenti mnene, akamuuliza kwa nini zamu zinasainiwa jana yake. Sajenti akaanza habari za ufunguo wa kabati. Mkuu akasema, "Sote tulikuwa tunajua mnashikiana kwa mdomo. Tuliona mambo yanakwenda." Kisha akafungua daftari, akanipa kalamu nyekundu, nikalikata jina langu mwenyewe na juu yake nikaandika lake, na namba yake ya kazi. Linasomeka. Jina limeingia kwenye orodha, Mama, siku mbili kabla haijafungwa. Ni la mwisho kabisa.

Mimi nimevuliwa. Mkanda, kofia, sare, kitambulisho, vyote nimeacha mezani. Ya mashtaka nitaitwa. Nimekatazwa kukanyaga uwanja wa gwaride. Ile kazi ya udereva nilikuwa nimeipata, sikuwahi kwenda kuianza. Tumerudi kwenye kile chumba chetu cha zamani cha hapa mjini.

Jana nilipotoka kituoni nilikwenda shuleni. Uliniuliza swali nami sikuwa na jibu, nikaona angalau nikutafutie. Nilimkuta mwalimu aliyekuwa zamu ya geti siku ile. Hakuna aliyewahi kumuuliza, hata wapelelezi. Anasema Filimbi alipuliza mara mbili, akapiga kelele "Rudini!", akamsukuma mtoto wa mwisho kwa mkoba wake. Mwalimu ndiye aliyemfikia wa kwanza. Hakufa papo hapo, lakini hakulia. Alishika mkono wa mwalimu akauliza, "Wamerudi wote?" Mwalimu akamwambia wote. Akasema, "Haya." Ndilo la mwisho.

Hakukuita, Mama. Nisingependa kukudanganya hata kwa hilo.

Aliyekuwa mwanao,
Twiga

12 Septemba

Twiga,

Hujambo? Mama mtoto hajambo? Mpe salamu, mwambie kukaa pale mlangoni lilikuwa jambo la maana kuliko pole zote nilizopewa mwaka huu.

Nimechelewa kukujibu. Lile "Haya" nimekaa nalo. Ndivyo alivyokuwa akisema tangu mdogo, ukimaliza kumsuka, ukimaliza kumfunga kamba za viatu. Haya, na anaondoka. Nimelia mpaka nikahisi mwepesi. Ahsante kwa kulitafuta, na ahsante kwa kutonitungia uongo mtamu.

Hukuruhusiwa gwaride, basi nakusimulia. Jua lilikuwa kali, walituweka wafiwa mstari wa mbele, mimi na kiti cha plastiki chenye mguu mmoja mfupi. Walisoma majina kumi na moja. La kwake lilipofika, aliyekuwa anasoma alianza na namba, kisha cheo, kisha majina yake yote matatu, kisha akasema, "Aliuawa akiwa kazini, kivuko cha shule, zamu ya asubuhi." Uwanja mzima ukapiga saluti. Nilisimama. Sikuambiwa nisimame, miguu ilisimama yenyewe. Baadaye nilikwenda kwenye ubao. Rangi ilikuwa haijakauka vizuri, nikaondoka na weupe kwenye kidole, sikuunawa mpaka kesho yake.

Sasa ninalotaka kukwambia ni hili. Wateja wangu wananiletea habari kwamba kivuko hakijapewa askari mwingine, na kwamba kuna mtu mrefu hana sare anasimama pale kila asubuhi na kitambaa chekundu. Mmoja akasema ni kichaa. Nikaendelea kushona. Jumanne nilibeba furushi la sare za watoto nikaenda kuona kwa macho yangu. Nilijipanga na wanafunzi, nikajitanda kanga.

Ulinyoosha mkono, basi likasimama, na nyuma yake lori. Ukasema, "Haya vukeni, vukeni, usikimbie wewe. Mama, na wewe vuka." Hukunitambua. Hukuniangalia hata usoni, macho yako yalikuwa kwenye magari, na hayakutoka huko mpaka mtoto wa mwisho alipofika ng'ambo.

Nimekaa siku nne nikilitafuta neno la msamaha, silipati, na sitaki kukuandikia nisichokuwa nacho. Sijakusamehe, Twiga. Lakini Jumanne, uliponiambia nivuke, nilivuka, na sikuangalia kushoto wala kulia.

Mama